Mhuni ni Nani? Habari za Neno Moja Katika Nchi ya Uzaramo

Mazungumzo ya leo yahusu neno moja tu, ambalo hapana mmoja wetu asiyelijua, wala sidhani kwamba yuko mzazi wa Kisarawe au Kibaha ambaye hakupata kumtupia mwanawe siku moja. Neno lenyewe ni mhuni. Mimi nililisikia mara ya kwanza kinywani mwa mama yangu, aliponikuta nikicheza karata chini ya mwembe saa ya kuwinga ndege shambani. Sikuwa nimeiba mali ya mtu, wala sikumpiga mtu. Kosa langu ni kwamba nilikuwapo mahali nisipotakiwa kuwapo, na mikono yangu haikuwa na kazi. Yakumbukeni mambo hayo mawili, mahali na kazi, maana ndiyo yaliyolijenga neno hili, na ndiyo yaliyowapeleka watu wengi kifungoni.

Tazameni jinsi Kiswahili kinavyowataja watu waovu. Mwizi ametokana na kuiba, mnyang'anyi na kunyang'anya, mwuaji na kuua. Jina lachukua tendo, na kama tendo halikufanyika jina halina mahali pa kukaa. Hakimu aweza kuuliza: ameiba nini, lini, kwa nani, nani aliyeona? Lakini mhuni? Amehuni nini? Katika kamusi za Kiswahili zilizopigwa chapa kabla ya mwaka 1950, mhuni aelezwa kwanza kuwa ni mtu mzururaji, asiye na makao wala kazi maalumu, kisha ndipo yafuatapo maneno ya upotevu na tabia mbaya. Basi hapo kale neno lilitaja hali ya mtu, si tendo lake. Hali hiyo ikageuzwa kuwa tendo, na tendo likageuzwa kuwa kosa la kufungwa. Habari ya namna ilivyogeuzwa ndiyo nitakayo kuwasimulia.

Kwanza niruhusuni nipite kando kidogo, kwa sababu ya neno jambazi. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kiajemi, janbaz, ambalo maana yake ni mtu achezaye na roho yake mwenyewe, yaani mwenye kuihatirisha nafsi. Zamani Waajemi walimwita hivyo mcheza kamba, yule apitaye juu ya kamba iliyotandazwa hewani huku watu wakimkodolea macho. Na leo katika Iran jina hilo ni la heshima kubwa, maana ndilo wanaloitwa askari waliopata vilema katika vita vya Iran na Irak vya mwaka 1980 hata 1988. Pwani kwetu jambazi ni mtu avunjaye nyumba usiku na silaha mkononi. Hivyo neno likivuka bahari laweza kufika limevaa nguo nyingine kabisa.

Sasa tuwaendee Waingereza. Nawataja si kwa kuwa mambo yao ni bora kuliko yetu, bali kwa kuwa walipochukua nchi hii kutoka mikononi mwa Wadachi walikuja na sheria zao, na sheria zao zilikuja na maneno ambayo kwao yalikuwa yamekwisha kuzeeka.

Kiingereza kina neno villain. Mtazamaji wa sinema humwita hivyo mtu mwovu katika mchezo, na polisi wa London hulitumia kumtaja mhalifu wa kawaida, mwizi aliyezoea kazi yake. Lakini ukichimba mzizi wake utashangaa. Katika Kilatini villa ilikuwa nyumba ya shamba kubwa, na villanus alikuwa mtu wa shamba hilo, yaani mkulima, mwanakijiji kama ninyi mnaosikiliza. Neno likapita katika Kifaransa, kisha likaingia Uingereza pamoja na Mfalme William aliyeishinda nchi ile mwaka 1066. Mfalme huyo aliamuru watu na mali waandikwe, na daftari lililokamilishwa mwaka 1086, liitwalo Domesday, laonyesha kwamba kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la hao watu wa mashamba. Walioandikwa kwa jina hilo walikuwa wapata laki moja.

Hali yao yafaa tuieleze, maana mtaitambua. Mtu huyo alilima shamba lake dogo, lakini siku kadha za kila juma alipaswa kulima shamba la bwana bila ujira. Hakuweza kuondoka katika shamba lile bila ruhusa. Alipomwoza binti yake alimlipa bwana fedha. Tena iliwako desturi moja ya ajabu: kama akitoroka akakaa katika mji wenye hati ya mfalme mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, alikuwa mtu huru. Basi mji ulikuwa mlango wake wa kutokea.

Mwaka 1348 tauni ikaingia Uingereza, ikaua watu wengi mno, labda nusu ya nchi. Wafanyakazi wakawa haba, na waliosalia wakataka mshahara mkubwa zaidi au wakahama kwenda kwa bwana aliyelipa vizuri. Wakubwa wakakasirika. Katika mwaka 1349 na 1351 zikatolewa amri kwamba mshahara ubaki kama ulivyokuwa kabla ya tauni, na mtu mwenye nguvu aliyekuwa akiomba asipewe sadaka. Mwaka 1381 wakulima wakaasi, wakaingia London wakiongozwa na Wat Tyler, wakataka utumwa wa shamba ufutwe. Mfalme Richard, aliyekuwa kijana wa miaka 14, aliwapa ahadi. Kisha Tyler aliuawa na ahadi zikavunjwa.

Utumwa ule wa shamba ulikwisha pole pole katika miaka iliyofuata, lakini jina lilibaki, nalo lilikuwa limechafuka. Kwa kuwa walioandika vitabu walikuwa mabwana na makarani wa mabwana, jina la mwanakijiji likawa tusi la mtu mnyonge, kisha la mtu mwenye roho mbaya, na hata kufikia zama za Shakespeare lilikwisha kuwa jina la mhalifu. Wanazuoni wa Kiingereza sasa wanatofautisha maana hizo mbili kwa herufi moja tu: villein ni mkulima wa kale, villain ni mwovu. Herufi moja, wapenzi wasikilizaji, ndiyo inayomtenga mkulima na mwizi!

Mtu aliyeiacha ardhi naye hakupata jina zuri. Mwaka 1547 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba mzururaji achomwe kifuani kwa chuma cha moto chenye alama ya V, kisha awe mtumwa kwa miaka 2. Sheria hiyo ilikuwa kali hata wenyewe wakaifuta baada ya miaka michache. Lakini fikira yake haikufutwa. Mwaka 1824, nchi ilipokuwa na askari wengi walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon, ikatungwa sheria nyingine ya wazururaji, nayo ikawapanga watu katika madaraja: wavivu na wakorofi, kisha matapeli na wazururaji, kisha matapeli wasiorekebika. Sheria hiyo ndiyo iliyosafiri. Ilinakiliwa Asia, Karibi na Afrika, na maneno yake yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, kifungu cha 176 na cha 177.

Hapo ndipo tunaporudi nyumbani Uzaramo.

Kabla ya kuja Waingereza, Wadachi walikuwa wamekwisha kuwafundisha watu wa nchi hii somo la mahali na kazi. Walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo hata Dar es Salaam mwaka 1891, na mwishoni mwa miaka ya 1890 wakaweka kodi ya nyumba. Mwaka 1902 wakaanzisha mashamba ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, ambamo watu walilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe, huku mashamba yao wenyewe yakingoja, kwa malipo ambayo hayakustahili kuitwa malipo. Mlinganisheni mtu huyu na yule wa mwaka 1086, mtaona kwamba wangeweza kubadilishana majembe. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Jumbe Kibasila wa Kisangire alikuwa miongoni mwa walioasi katika Uzaramo, akanyongwa na Wadachi. Kwao alikuwa mhalifu. Leo iko shule ya sekondari mjini Dar es Salaam yenye jina la Kibasila, na watoto hulishona kifuani bila haya.

Kodi ilidai fedha taslimu, na fedha haikuota mashambani. Mtu wa Kisarawe alikuwa na muhogo, nazi, kuni na makaa. Ilimpasa kuvipeleka mahali palipo na mnunuzi, na mahali hapo palikuwa Dar es Salaam. Kutoka Kisarawe hata mjini ni wapata kilometa 30, na kutoka Kibaha wapata 40. Aliyeondoka usiku wa manane na mzigo kichwani, akishuka vilima vya Pugu, aliweza kufika mchana. Wengine hawakurudi siku ile. Walipata kibarua bandarini, au walilala kwa ndugu Kariakoo au Ilala wakingoja kibarua cha kesho. Mji wenyewe ulikuwa wa Wazaramo tangu ulipokuwa ukiitwa Mzizima, na hata baada ya kukua wao ndio waliokuwa wengi kuliko kabila jingine lolote. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe aliyeingia mjini hakudhani kwamba amevuka mpaka. Alikwenda kwa shangazi yake.

Serikali ya Waingereza iliyaona mambo kwa jicho jingine. Kwa fikira zake Mwafrika alikuwa mtu wa kijiji na wa kabila, chini ya jumbe wake, na mjini aliingia kama mgeni, akae maadamu ana kazi. Aliyekuwa hana kazi alikuwa amepotea mahali pake. Mwaka 1923 ilitungwa sheria juu ya watu mafukara, na mwaka 1944 ikatungwa nyingine iliyowapa wakuu uwezo wa kuwaondoa mjini wenyeji wasiotakiwa. Angalieni neno hilo: wasiotakiwa. Halisemi walioiba. Makarani na polisi walipotafuta neno la Kiswahili la kumtaja mtu huyo, lilikuwako tayari, limekaa vinywani mwa watu: mhuni. Likatiwa katika barua za serikali, na katika Kiingereza chenyewe maofisa wakaandika wahuni kama kwamba ni neno lao.

Hapo neno likapata nguvu mpya. Mama alipomwita mwanawe mhuni alitaka arudi shambani akawinge ndege. Ofisa alipomwita mtu mhuni alitaka apandishwe motakaa na kurudishwa wilayani kwake. Mtu wa mbali, tuseme wa Songea, akirudishwa alikuwa amerudishwa kweli. Lakini mtu wa Kisarawe? Dereva alimshusha, naye kama miguu yake ilikuwa mizima aliweza kuwa Kariakoo tena kesho yake. Na kwa nini asirudi? Kodi ilimngoja kijijini vile vile, na fedha ya kuilipa ilikuwa mjini. Hakika mimi sioni kama palikuwa na njia ya tatu: akikaa kijijini bila fedha ni mkwepa kodi, akienda mjini bila kazi ni mhuni.

Wala hawakupungua. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliukuta mji wa Dar es Salaam una watu wapata 69,000; ile ya mwaka 1957 iliukuta una watu karibu 129,000. Sheria haikuweza kuuzuia mji usikue.

Sitaki mdhani kwamba wahuni wote walikuwa watu wema walioonewa. Wako waliokwapua, wako waliouza pombe ya haramu, na wafanyabiashara wa mjini, Waafrika miongoni mwao, waliwalalamikia. Mzee wa mtaa aliyeibiwa kuku hakuhitaji kufundishwa na Mwingereza kuwachukia. Neno lilikuwa letu kabla halijawa lao, na twapaswa kulikubali jambo hilo. Lakini mwizi wa kuku ana jina lake, na sheria ya kumhukumu ilikuwako. Ubaya wa neno mhuni ni kwamba lilimfunga mwizi na mchuuzi katika mtumba mmoja.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 wengi walitazamia kwamba jambo hili litakwisha. Halikukwisha. Serikali yetu wenyewe iliamini, kwa nia ya kujenga nchi, kwamba kila mtu mwenye nguvu yafaa afanye kazi, na kazi ya kwanza ilikuwa kilimo. Katika miaka ya 1970 watu wasio na kazi walihamishwa kutoka Dar es Salaam hata vijiji vya ujamaa, na kimojawapo kilichowapokea kilikuwa Gezaulole, pwani kusini ya mji, kijiji ambacho jina lake kwa Kizaramo husemwa kuwa ni jaribu uone. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walisimamishwa barabarani, wakaulizwa vitambulisho vya kazi kama vile babu zao walivyoulizwa kipande. Wauza karanga, washona viatu na wachuuzi wa maji walikamatwa pamoja na wavivu, kwa sababu kazi isiyo na kitambulisho ilihesabiwa kuwa si kazi. Neno lililotumika sana wakati huo lilikuwa mzururaji, bali mtu alikuwa yule yule.

Baadaye mambo yakalegea, na mchuuzi wa barabarani akapata jina jipya lisilo la tusi, machinga, ambalo asili yake ni jina la mahali na la watu wa upande wa Lindi. Mwaka 1986 mtu angalikamatwa kwa kutembeza mashati. Desemba 2018 serikali ikaanza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mtembeza mashati yule yule akawa mjasiriamali. Mtu hakubadilika, wala mashati hayakubadilika.

Vijana nao wamelichezea neno la zamani kwa namna yao. Ukisimama leo stendi ya Kibaha utawasikia wakiitana mhuni wangu kwa kicheko, na kumsifu mwenzao mwerevu kwamba huyu mhuni kweli. Wazee hukunja uso. Mimi nawastahi wazee, lakini naona kwamba vijana wamefanya jambo ambalo watu waliotukanwa hulifanya mahali pengi ulimwenguni: wameliokota jiwe walilopigwa wakalifanya kigae cha kuchezea.

Katika sheria hapakuwa na mchezo. Vile vifungu vya mwaka 1824 vilikaa katika vitabu vya nchi nyingi za Afrika muda mrefu baada ya bendera kushushwa. Mwaka 2015, huko Malawi, mchuuzi mmoja alikamatwa Blantyre alfajiri, akiwa njiani kwenda Limbe kuuza mifuko ya plastiki, akashitakiwa kwa kosa la utapeli na uzururaji. Saa kumi ya usiku yu barabarani, ana mzigo, hana mwajiri: kwa macho ya sheria ile hayo yalitosha. Naye, kama yule mbeba makaa wa Pugu, alikuwa akiwahi soko. Hakukubali; alikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2017 majaji walitamka kwamba kifungu kile ni kinyume cha katiba ya Malawi.

Kisha mwaka 2018 Umoja wa Wanasheria wa Afrika ukauliza swali hilo kwa bara zima. Ulilipeleka kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ukitaka kujua kama sheria za uzururaji zapatana na Mkataba wa Afrika. Jibu lilitolewa tarehe 4 Desemba 2020. Mahakama ilisema kwamba hazipatani nao. Zambagua maskini, zamkamata mtu kabla hajatenda kosa, zamvunjia heshima yake na haki yake ya kutembea, na nchi zinazo wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo yalikuwa ya ushauri, hayakumfungua mtu gerezani siku ile.

Lakini liko jambo moja katika maoni yale ambalo lilinifanya nitake kusema nanyi leo. Majaji hawakuishia katika vifungu. Waliyapima na maneno yenyewe. Walisema kwamba kumwita mtu mvivu, mkorofi, tapeli au mzururaji kwa sababu tu hana makao maalumu wala ajira ni masalio ya fikira ya kikoloni, iliyomwona mtu kama kiumbe asiye na haki. Majaji wa Afrika nzima wakakaa Arusha, wakalipima tusi katika mizani ya sheria.

Siku ile, kama siku nyingine zote, kabla ya mapambazuko, watu wa Kisarawe walikuwa wakipakia machungwa na muhogo katika magari ya kwenda mjini.